Nani Atatafiti Maisha Yetu? Masomo ya Juu Yenye Ufadhili katika Kuzuia Kujitoa Uhai na Kujidhuru

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka polepole)

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, yule yule unayemsikia kila wiki akikuhimiza umpeleke mtoto chanjo, uchemshe maji ya kunywa na ulale ndani ya neti.

Leo mazungumzo yetu ni mazito kidogo. Tutazungumza kuhusu kujitoa uhai na kujidhuru. Kisha nitazungumza na wewe kijana uliyemaliza chuo, na wewe mzazi mwenye kijana kama huyo, kuhusu masomo ya juu ambayo mtu anaweza kulipiwa ili awe mtafiti wa kuzuia vifo hivi.

Najua wengine wenu mkono umeshafika kwenye redio kubadilisha stesheni. Tafadhali ngoja. Jambo tusilolitaja ndilo linalotumaliza.

Na ikiwa wewe unayesikiliza umelemewa, na mawazo ya kujidhuru yamekujia, usingoje mwisho wa kipindi. Pigia Befrienders Kenya, nambari 0722 178 177. Au pigia Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199. Au nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe sasa hivi, useme tu, "Nimelemewa, nataka mtu wa kuzungumza naye." Hayo maneno yanatosha.

Kijana wa kitanda cha dirishani

Sasa nikusimulie kisa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, kijana wa miaka 24 aliletwa usiku katika hospitali ndogo ya mashambani nilikokuwa nikifanya kazi. Aliletwa kwa bodaboda, mjomba wake amemshikilia kwa nyuma asianguke. Alikuwa amekunywa dawa ya shambani.

Tulipokuwa tukimhudumia, mama yake alinivuta pembeni.

"Sista," akaninong'oneza, "andika ilikuwa ajali. Ukiandika vingine, polisi watamchukua."

Nikamjibu, "Mama, hapa sisi tunatibu, hatushtaki mtu." Lakini nilipofungua rejista, niliandika alivyotaka. Niliandika: ajali.

Kijana alipona. Siku ya sita tulimruhusu aende nyumbani. Nilimpa kadi ya kurudi baada ya wiki mbili, na nyuma ya kadi, na pia kwenye daftari langu, nikaandika nambari ya simu ya mama yake. Aliniuliza, "Nikija, nitakupata wewe ama mtu mwingine?" Nikamwambia, "Utanipata mimi."

Siku ile hakuja. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, foleni imefika nje ya lango. Nikasema nitampigia kesho. Kesho nayo ikaja na mambo yake. Nambari ninayo, simu ninayo, sikupiga.

Mwezi wa nne, mama yake alikuja hospitalini peke yake. Kijana alikuwa amejitoa uhai. Mama hakuja kunilaumu. Alikuja kurudisha kadi.

Msikilizaji, sikusimulii haya ili ulie. Nakusimulia kwa sababu kadi ile iliniachia swali moja: Je, kama ningempigia simu, ingesaidia? Kwa muda mrefu nilifikiri hilo ni swali la kumuuliza Mungu tu. Baadaye nikajua kuwa kuna watu wameliuliza kwa njia ya utafiti, wakapata jibu.

Wenzetu waliuliza, wakajibiwa

Mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za nchi 5: Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Watu 1,867 waliofika hospitalini baada ya kujaribu kujitoa uhai waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza walipata matibabu ya kawaida ya hospitali yao. Kundi la pili walipata matibabu hayo hayo, pamoja na mazungumzo ya saa moja kabla ya kwenda nyumbani, kisha wakafuatiliwa mara 9 katika muda wa miezi 18. Waliwapigia simu au kuwatembelea nyumbani, wakawauliza, "Unaendeleaje? Kuna msaada unaohitaji?"

Baada ya miezi 18, katika kundi la kwanza asilimia 2.2 walikuwa wamekufa kwa kujitoa uhai. Katika kundi lililofuatiliwa, ilikuwa asilimia 0.2. Kwa hesabu ya mashambani, chukua watu 1,000: upande mmoja ni kama 22, upande mwingine ni kama 2.

Hakukuwa na mashine ya mamilioni wala dawa mpya. Ni saa moja na kufuatilia mara 9.

Siku niliyosikia hesabu hiyo kwenye semina, nilitoka nje nikasimama chini ya mti mpaka nikatulia.

Sikiliza mfano wa pili. Mwaka 1995, nchini Sri Lanka, watu takriban 47 katika kila 100,000 walikuwa wakijitoa uhai kwa mwaka, na wengi walitumia dawa za mashambani. Serikali ikapiga marufuku, awamu kwa awamu, zile dawa zenye sumu kali zaidi kwa binadamu. Kufikia mwaka 2015 idadi ilikuwa imeshuka hadi kama 14 katika kila 100,000. Watafiti wanakadiria kuwa watu 93,000 waliokolewa katika miaka hiyo 20. Na chakula shambani hakikupungua kwa sababu ya marufuku hayo. Kwa nini mbinu hiyo ilisaidia? Kwa sababu mara nyingi hamu ya kufa huja kama wimbi, na wimbi hupita. Mtu ambaye wakati wa wimbi hana sumu kali karibu, ana nafasi ya kuishi mpaka lipite.

Lakini ngoja, kuna somo jingine hapo hapo. Watu walisema: basi tuwape wakulima masanduku ya kufungia dawa kwa kufuli. Wazo zuri, au sivyo? Hata mimi ningelipigia kura. Watafiti wakalipima katika vijiji 180, familia zaidi ya 50,000. Matokeo yakatoka mwaka 2017: masanduku hayakupunguza visa vya watu kunywa dawa hizo.

Umeona? Wazo linaweza kupendeza kila mtu, likala pesa, na lisiokoe. Bila kupima, hatungejua.

Mfano wa tatu ni wa Uingereza. Mwaka 1998 sheria ilipunguza idadi ya vidonge vya paracetamol vinavyouzwa katika pakiti moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia vifo kwa miaka 11 baada ya hapo, wakakuta vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 43, ukilinganisha na vilivyotarajiwa. Sheria ndogo ya pakiti, na watu wengi wakabaki hai.

(Muziki mfupi)

Daftari langu si utafiti

Karibu tena, msikilizaji. Kama ndio kwanza unafungua redio, tunazungumza kuhusu utafiti wa kuzuia kujitoa uhai, na jinsi kijana wetu anavyoweza kufadhiliwa asomee kazi hiyo.

Baada ya semina ile nilinunua daftari. Kila mgonjwa anayetoka wodini baada ya kujidhuru, akikubali, naandika jina lake na mistari 9 chini yake. Kila nikipiga simu, naweka alama. Wengine hushika simu wakacheka, "Sista, umenipigia tena?" Wengine hunyamaza, na katika kunyamaza huko najua nimtafute mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho aende leo.

Je, daftari langu linathibitisha kuwa simu 9 zinasaidia hapa kwetu? Hapana. Nakuambia ukweli. Wanaoshika simu yangu ni wale wenye simu, wenye chaji, wenye mtu wa kuwakumbusha. Huenda hao wangepona hata bila mimi. Yule asiye na simu hayumo daftarini. Ili kujua ukweli, lazima mtu alinganishe makundi mawili yanayofanana, ahesabu waliopotea njiani, na ajue idadi ya watu inayotosha. Mambo hayo husomewa. Diploma yangu ya uuguzi ilinifunza kumhudumia mgonjwa aliye mbele yangu. Haikunifunza kupima jambo la wagonjwa elfu mbili.

Na tazama tena zile nchi 5. Brazil, India, Sri Lanka, Iran, China. Hakuna hata moja ya Afrika. Simu za hapa ni tofauti, barabara ni tofauti, na namna mama anavyozungumza na mwanawe ni tofauti. Maswali yetu ni yetu. Je, anayefaa kumfuatilia mgonjwa ni muuguzi, mhudumu wa afya ya jamii, mchungaji, imamu au mzee wa mtaa? Je, msichana wa sekondari anayejikata mikono kwa siri atazungumza na nani? Je, mkulima wa majani chai na mvuvi wa ziwani wanasaidiwa kwa njia moja?

Hapa niseme jambo kuhusu kujidhuru. Si kila anayejikata au kujiumiza anataka kufa. Wengine wanajaribu kutuliza maumivu ya moyoni wasiyoweza kuyasema. Lakini mtu aliyejidhuru mara moja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kujitoa uhai baadaye kuliko asiyejidhuru kamwe. Ndiyo maana watafiti huyachunguza mambo haya mawili pamoja. Na ndiyo maana maneno "anatafuta tu kuonekana" hayafai kutoka kinywani mwa mzazi, mwalimu wala muuguzi.

Ukubwa wa tatizo nao si mdogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 727,000 walijitoa uhai duniani. Karibu robo tatu yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, ni sababu ya tatu ya vifo.

Rejista iliyosema uongo

Unakumbuka niliandika "ajali"? Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilisema kujaribu kujitoa uhai ni kosa la jinai, na adhabu ilifika kifungo cha miaka 2. Familia zikaficha, na sisi wauguzi tukaficha pamoja nazo. Kila "ajali" ya namna ile ilikuwa mgonjwa mmoja aliyefutwa kwenye hesabu ya taifa. Mtafiti akija kuhesabu, atahesabu nini?

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitoa uamuzi kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kesi ilipelekwa mahakamani na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya pamoja na wengine, kikiwemo chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Kwa hiyo, mama unayenisikiliza, ukimleta mwanao hospitalini, sema ukweli. Nasi tuuandike ukweli. Hesabu za kweli ndizo zitakazotupa majibu ya kweli.

Nani anaweza kuwa mtafiti?

Sasa njoo karibu, kijana. Chukua kalamu na karatasi.

Usifikiri kazi hii ni ya daktari wa akili peke yake. Muuguzi mwenye digrii anaweza. Aliyesomea saikolojia au ustawi wa jamii anaweza. Aliyesomea takwimu anahitajika sana, maana hesabu ndizo zinazotuangusha. Mwanasheria anaweza kuchunguza sheria. Aliyesomea kilimo anaweza kuchunguza dawa za mashambani, kama ulivyosikia kisa cha Sri Lanka. Mwanahabari anaweza kuchunguza jinsi sisi wa redio tunavyotangaza vifo hivi, kwa sababu kutangaza vibaya kunaweza kuwadhuru wasikilizaji walio hatarini.

Ngazi ni hizi. Ukiwa na diploma kama mimi, mlango wa kwanza ni digrii. Ukiwa na digrii nzuri, unaingia shahada ya uzamili, ambayo huchukua mwaka 1 au 2. Baada ya uzamili ni uzamifu, huo unaoitwa PhD, ambao huchukua miaka 3, 4 au zaidi. Hapo ndipo unalibeba swali moja mpaka ulijibu.

Nani hulipa?

Wengi hukata tamaa kwa kusema, "Mimi ni mtoto wa mkulima, karo hiyo nitaitoa wapi?" Sikiliza. Katika masomo ya utafiti, hasa uzamifu, kuna nafasi ambazo mwanafunzi halipi, yeye ndiye analipwa. Hiyo ndiyo maana ya nafasi yenye ufadhili. Ufadhili kamili hulipa karo, posho ya kuishi na gharama za utafiti wenyewe. Ukiwa wa ng'ambo, huweza kulipa pia nauli ya ndege na viza.

Nitataja milango michache ambayo Wakenya wamewahi kuipitia.

Wa kwanza ni hapa nyumbani. Kenya ina Hazina ya Taifa ya Utafiti, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Uliza katika ofisi ya masomo ya uzamili ya chuo chako kama kuna mwito wa maombi. Pia uliza miradi ya utafiti iliyopo, kwa sababu mradi mkubwa mara nyingi huwa na nafasi ya mwanafunzi ndani yake. Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Aga Khan wana watu wanaofanya kazi ya afya ya akili. Tena kuna shirika la utafiti wa afya ya akili lililoanzishwa na Profesa David Ndetei mwaka 2004 jijini Nairobi.

Wa pili ni muungano wa vyuo uitwao CARTA, ulioanza mwaka 2008 na wenye makao katika kituo cha APHRC, Nairobi. Huu umewasaidia wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo wanachama wasome uzamifu wa afya ya jamii. Kama wewe ni mhadhiri msaidizi katika chuo mwanachama, uliza.

Wa tatu ni DAAD ya Ujerumani. Kwa miaka mingi imewafadhili Waafrika wa uzamili na uzamifu, wengine wakisoma katika vyuo vya papa hapa Afrika bila kuiacha familia mbali.

Wa nne ni Uingereza. Udhamini wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka 1. Hudai uwe na uzoefu wa kazi wa takriban miaka 2, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka 2. Kuna pia udhamini wa Jumuiya ya Madola kwa shahada ya uzamili. Kwa somo letu hili, vyuo vya Oxford, Manchester, Glasgow na Edinburgh vina vikundi vinavyochunguza kujitoa uhai na kujidhuru. Kile cha Edinburgh, kilichoanzishwa mwaka 2017, kinashughulika hasa na dawa za mashambani, jambo linalotuhusu sana sisi.

Na kwa waliokwisha kupata uzamifu, shirika la Marekani liitwalo American Foundation for Suicide Prevention, lililoanzishwa mwaka 1987, hutoa ruzuku za utafiti wa jambo hili hili. Wellcome ya London nayo imeiweka afya ya akili miongoni mwa kazi zake kubwa.

Kabla hujajaza fomu

Masharti hubadilika kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo lenyewe kwenye tovuti ya mfadhili, na ujiulize maswali haya matano.

La kwanza: analipa nini hasa? Tangazo la ng'ambo linaweza kusema nafasi imefadhiliwa, kumbe karo inayolipwa ni kiwango cha raia wa huko tu, na mgeni ajazie tofauti yake. Tofauti hiyo inaweza kuuza shamba la baba. Andika barua pepe uulize wazi: "Je, mwanafunzi kutoka Kenya analipiwa karo yote?"

La pili: msimamizi ni nani? Soma alichoandika. Kisha mwandikie barua fupi ya kistaarabu, aya mbili au tatu: wewe ni nani, swali lako ni lipi, na kwa nini umemwandikia yeye. Asipojibu, ngoja wiki mbili, mkumbushe mara moja, halafu endelea kwa mwingine. Usikasirike.

La tatu: swali lako ni lipi? "Nataka kupunguza kujitoa uhai Kenya" ni ndoto nzuri, lakini ni pana mno. "Je, kufuatiliwa mara 9 na mhudumu wa afya ya jamii kunapunguza kujidhuru tena kwa wagonjwa waliotoka hospitali za kaunti moja?" Hilo ni swali. Linaweza kupimwa.

La nne: utafanya utafiti kwa usalama? Hapa Kenya utahitaji kibali cha kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI. Lazima ueleze utafanya nini mtu akikuambia katikati ya mahojiano kwamba anataka kufa leo. Huwezi kufunga daftari ukaenda. Na wewe mwenyewe, nani atakusikiliza baada ya kusikia maumivu ya watu 200? Uliza hilo kabla ya kutia sahihi. Mtafiti naye ana moyo.

La tano: je, kuna anayekuomba pesa? Ukipigiwa simu ukaambiwa, "Tuma elfu tano kwa nambari hii tukushughulikie udhamini," kata simu. Chevening na tume ya udhamini ya Jumuiya ya Madola hazitozi ada ya maombi. Anayetaka umtumie kwa M-Pesa kwa nambari yake binafsi ni mwizi.

Na wewe mzazi, usimwambie mwanao, "Utasomeaje mambo ya vifo, utatuletea balaa?" Anayesomea malaria hatuletei malaria.

Wakati tunawangoja watafiti

Masomo huchukua miaka. Leo hii, jioni hii, kuna mtu nyumbani kwako au kwa jirani ambaye hawezi kungoja miaka. Tumia basi yale ambayo utafiti umekwisha kutuambia.

Muulize waziwazi, kwa upole: "Je, umefikiria kujitoa uhai?" Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo hilo. Utafiti umelichunguza hilo, na haukuona kwamba kuuliza kunaleta mawazo hayo. Mara nyingi kunampa mtu nafasi ya kupumua.

Sikiliza bila kuhubiri. Usimwambie wengine wana shida kubwa kuliko yake.

Ondoa vitu vya hatari nyumbani. Dawa za mashambani ambazo huzihitaji, usizinunue uziweke. Kama zipo na mtu amelemewa, ziondoke kabisa katika boma hilo kwa sasa.

Mpeleke kituo cha afya, usimwache aende peke yake. Na akirudi nyumbani, mfuatilie. Mpigie leo, wiki ijayo na mwezi ujao. Huhitaji digrii kuuliza, "Umeamkaje?"

Mambo ya kukumbuka

1. Kujitoa uhai kunaweza kuzuiwa, na utafiti umeonyesha njia.
2. Mawazo mazuri lazima yapimwe. Mengine husaidia, mengine hayasaidii.
3. Kuna ufadhili wa uzamili na uzamifu. Soma masharti yenyewe, na usimlipe mtu pesa.
4. Anza na swali dogo linaloweza kupimwa, kutoka mahali unapopajua.
5. Kufuatilia mtu ni tiba.

Msikilizaji, kadi ile ya kijana bado ninayo. Iko ndani ya jalada la daftari langu. Mwaka huu nimejaza fomu za kusomea digrii, nikisoma huku nikifanya kazi. Sijui kama nitafika uzamifu. Lakini huenda wewe unayenisikiliza ukifua nguo, au ukiendesha matatu, ama ukiwa umekaa nyumbani na cheti chako cha digrii ndani ya bahasha, utafika kabla yangu. Ukifika, njoo wodini kwetu utuulize maswali. Rejista zetu utazikuta wazi, na zimeandikwa ukweli.

Nambari kwa mara nyingine: Befrienders Kenya, 0722 178 177. Msalaba Mwekundu, 1199.

Na kabla hujalala leo, kuna mtu ulisema utampigia kesho. Mpigie leo. Kwaheri, na Mungu akulinde.

(Muziki wa kipindi)